Saumu Isiyo na Magharibi: Kisa cha Mama Mmoja wa Malindi Baada ya Shakahola

Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya wazee wa kanisa, makatekista na akina mama wanaotembelea wafiwa. Ni cha mama aliyempoteza binti yake Shakahola, msitu ambako waumini walifundishwa kufunga hadi kufa. Mimi ni mzee wa kanisa mjini Malindi, na nilikuwemo tangu mwanzo, pamoja na makosa nitakayoyataja. Mwenye kisa alisomewa maandishi haya yote kwa sauti, akaondoa mahali pawili, akaridhia yaliyobaki. Umri, mtaa, hesabu ya watoto na baadhi ya siku vimebadilishwa. Nilitaka kuibadilisha na kazi yake pia, akakataa. Alisema bila mahamri kisa hiki si chake. Nitamwita Hawe, jina ambalo Wagiriama humwitia bibi, kwa kuwa ndivyo wajukuu wake walivyomwita.

Usuli

Hawe ana miaka hamsini na kitu. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akiamka saa tisa za usiku kukanda unga, na kufikia saa kumi na mbili asubuhi meza yake ya kando ya barabara ina mahamri, mbaazi za nazi na birika la chai ya tangawizi. Wateja wake ni madereva wa tuktuk, wavuvi waliorudi alfajiri na walimu wanaokimbilia kengele. Mumewe ni fundi wa kuezeka makuti. Watu wa kawaida kabisa.

Miaka kadhaa kabla ya 2019 alianza kuhudhuria kanisa la yule mhubiri ambaye baadaye jina lake lilijulikana dunia nzima, na ambaye kesi zake ziko mahakamani. Hawe ana presha, na alikuwa amesikia kwamba pale watu huombewa wakapona. Alikwenda na binti yake. Hili nalitilia mkazo kwa sababu ndilo fundo la kisa kizima: si binti aliyemvuta mama, ni mama aliyemshika binti mkono.

Mafundisho yalianza na uponyaji. Kisha yakaja mengine: shule ni za shetani, kwenda hospitali ni kukosa imani, Huduma Namba, ile namba ya serikali ya kuandikisha wananchi, ni alama ya mnyama. Hawe alipoambiwa atupe vidonge vyake vya presha, alivificha ndani ya debe la unga, akaendelea kumeza kwa siri. Kidogo kidogo akaacha kwenda, akarudi kwetu, kanisa alilobatizwa. Binti hakurudi. Kanisa lile lilipofungwa mwaka 2019, mhubiri alihamia msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, na wafuasi wakamfuata huko, wakakaa katika vijiji walivyovipa majina ya Biblia.

Mwanzoni mwa 2023 binti aliuza kitanda na cherehani, akaja kuaga na watoto wake wawili. Alisema amepata shamba. Hawe alimpa shilingi mia nane za nauli, na mfuko wa mahamri ya watoto kula njiani. Hizo mia nane hazikumuumiza sana baadaye. Kilichomuumiza ni ule mfuko. "Sijui kama waliruhusiwa kuyala," aliniambia.

Mambo yalivyokwenda

Makaburi ya Shakahola yalianza kufukuliwa tarehe 21 Aprili 2023, wiki ile ile ya Idd. Waumini walikuwa wamefundishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Hesabu ya miili hatimaye ilipita 400, na madaktari waliopasua maiti walikuta kwamba mbali na waliokufa kwa njaa, wengine walinyongwa au kuzibwa pumzi, watoto wakiwemo. Mochari ya hospitali ya Malindi haikutosha, ikabidi yaletwe makontena ya baridi. Msalaba Mwekundu waliweka meza ya kuandikisha waliopotelewa na ndugu.

Mtu wa kwanza kuingia kwa Hawe hakuwa mmoja wetu. Alikuwa jirani yake, mama wa Kiislamu, aliyekuja na sinia la pilau ya Idd. Hawe hakula. Alimwambia jirani yake, "Nyinyi mnafunga, magharibi ikiingia mnafungua. Saumu ya mwanangu haikuwa na magharibi." Jirani hakujibu neno. Alifunika sinia kwa kawa, akakaa mkekani mpaka usiku. Kesho yake akaja tena.

Sisi tulifika siku ya nne, watu kumi na moja, kwa nyimbo. Tulisoma Warumi 8:28. Mimi mwenyewe nilisema kwamba Mungu ana makusudi yake katika kila jambo. Mwenzangu mmoja akaongeza kwamba wale wa msituni hawakuwa Wakristo wa kweli. Nadhani alitaka kulitetea jina la Kristo, lakini alikuwa akisema hayo mbele ya mama wa mmoja wao. Hawe alitushukuru, akatupa chai. Tuliondoka tukisema ana imani sana.

Jumapili iliyofuata nilisimama kusoma matangazo. Tangazo la tatu lilisema: kanisa litafunga siku tatu kuziombea familia za Shakahola. Nililisoma kwa sauti nzuri ya huzuni. Hawe alijitanda leso yake, akatoka. Tulidhani amezidiwa na uchungu. Hakukanyaga kanisani kwa miezi mitano.

Katika miezi hiyo alitolewa chembechembe za shavuni kwa ajili ya kipimo cha DNA cha kutambua miili, akaanza kungoja. Meza ya mahamri ilifungwa. Alikunywa chai ya rangi na kula kipande kimoja cha hamri kwa siku, pengine hata hicho alikiacha. Vidonge vya presha alivitupa kweli safari hii. Mumewe alianza kushinda mangweni, kwenye ulevi wa mnazi. Sisi tulikuwa tumemwombea siku tatu, tukafungua, tukaendelea na harambee ya paa.

Aliyegundua ni mama mmoja wa kanisa letu ambaye ni muuguzi. Alipita kununua mahamri, akakuta meza imepinduliwa na buibui wametanda. Aliingia ndani, akatazama mikono ya Hawe, kisha akamuuliza waziwazi: "Dada yangu, unataka kufa?" Hawe akajibu, "Kujiua sitaki. Nataka kufa kama alivyokufa yeye." Muuguzi hakurudi nyumbani usiku ule, alilala pale pale. Asubuhi alimpeleka hospitali, presha ikapimwa, akaonana na daktari, na baada ya hapo na mshauri nasaha kila wiki mbili. Baadaye ndipo alipokuja kwa baraza la wazee na kutuambia ukweli wetu. Hakupaza sauti. Aliuliza tu nani kati yetu aliyefikiria kumtangazia mfungo mama ambaye mwanawe amekufa kwa kufunga.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kunyamaza. Muuguzi alitueleza jinsi walionusurika msituni walivyolishwa: mtu aliyekaa na njaa siku nyingi ukimpa sima na nyama mara moja unaweza kumuua, kwa hiyo huanzwa na chakula chepesi, kidogo kidogo, huku anaangaliwa. Akasema maneno ya Mungu nayo ni hivyo hivyo kwa mtu huyu. Tulimpa sima siku ya nne. Basi tukakubaliana waende akina mama wawili tu, wale wale kila Jumanne, bila mahubiri. Wangesaidia kazi za nyumba, na kama Hawe mwenyewe angetaka kusoma, wasome sura moja ya Injili kwa mpangilio, bila maelezo na bila kuchagua mstari wa kumlenga. Walianza na Yohana kwa sababu tu ndicho kitabu alichokitaja.

Uamuzi wa pili ulituchukua zaidi ya saa mbili na nusura utugawanye. Je, tuache kutangaza mfungo? Mzee mmoja alisema tukiacha kufunga kwa sababu ya mwovu, mwovu ameshinda. Bwana mwenyewe alifunga. Nilimuunga mkono, na hata leo naona alisema kweli. Lakini maneno ya Hawe kuhusu magharibi yalikuwa yametufikia kupitia kwa jirani yake. Tukaamua kwamba mfungo wowote utangazwe ukiwa na saa ya kuisha, utajwe nani hapaswi kufunga (wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wafiwa), na umalizikie kwa chakula cha pamoja ambacho sehemu yake inakwenda kwa wenye njaa, kama Isaya 58 inavyodai. Na asitajwe mtu yeyote kuwa "ndiye tunayemfungia".

Jambo la tatu lilikuwa hanga, yaani matanga ya ukoo. Wazee wa ukoo walitaka kuifanya bila mwili ili nyumba itulie. Upande wa mkwe ulikataa, ukisema huwezi kumlilia mtu ambaye hujaambiwa kwa hakika kwamba amekufa. Mchungaji hakuingilia uamuzi. Aliomba usiku mmoja wa kukaa pamoja, na katika usiku ule alisoma 2 Samweli 21 tu: habari za Rispa, mama aliyetandika gunia juu ya mwamba na kulinda maiti za wanawe, ndege wasiziguse mchana wala wanyama usiku, tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, hadi mfalme aliposikia na kuamuru mifupa ikusanywe na kuzikwa. Sijapata kusikia somo hilo likisomwa kwenye msiba mahali popote. Hawe aliomba lirudiwe.

La nne lilihusu hatia. Hawe alimwambia mchungaji, "Mimi ndiye niliyempeleka." Mchungaji akamjibu kwamba si kosa lake. Akarudia siku nyingine, akajibiwa vile vile. Mara ya tatu Hawe alikasirika: "Kila nikiufungua mlango, baba mchungaji unaufunga." Kuanzia hapo mchungaji alibadili njia. Alimwacha aseme yote, tangu siku ya kwanza ya kumshika binti mkono hadi ule mfuko wa mahamri, kisha akamuombea msamaha kama mtu anayeuhitaji, naye Hawe akasema amina. Mshauri nasaha wa hospitali hakupendezwa aliposikia. Yeye alikuwa akimsaidia aone kwamba alidanganywa. Nadhani wote wawili walihitajika. Mtu anaweza kuwa amedanganywa na bado akawa na jambo la kuungama.

Jumanne ya Yohana 21

Akina mama wale wawili walifika sura ya 21 baada ya miezi kadhaa. Hakuna aliyeipanga siku hiyo. Petro amerudi kuvua, usiku kucha hawakupata kitu, asubuhi Yesu yuko ufuoni na amewasha moto wa makaa, samaki wako juu yake, na mkate. Msomaji akafika mahali Yesu anapowaambia, "Njoni mfungue kinywa."

Hawe akamwambia asimame hapo. Aliuliza kama ndivyo ilivyoandikwa, au msomaji ameongeza. Akapewa Biblia aone kwa macho yake. Kimya kikapita. Kisha akasema, na haya ndiyo maneno aliyonitaka niyaandike bila kuyagusa: "Yule alituambia tusile ndio tumwone. Huyu amepika ndio wamwone."

Anayeuza mahamri saa kumi na mbili asubuhi anaishi kwa kufungulisha watu kinywa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sisi tuliokuwa tumesoma mstari huo mara nyingi hatukuwahi kuuona. Wiki iliyofuata alitaka kusikia kilichoendelea baada ya kile chakula, na hapo wakakutana na maswali matatu ya Petro. Hawe aliona haraka kuliko mimi kwamba Yesu hakumwambia Petro "hukunikana". Alimuuliza kama anampenda, akampa kazi: "Lisha kondoo zangu."

Siku chache baadaye alikanda unga.

Matokeo

Machi 2024 serikali ilianza kukabidhi miili iliyotambuliwa kwa familia. Baada ya muda Hawe naye aliitwa. Mabaki ya binti yalikuwa yamelingana, na ya mjukuu mkubwa pia. Ya mdogo hayakulingana na lolote. Tulizika majeneza mawili, na hanga ikafanyika kwa taratibu ambazo ukoo na kanisa walikuwa wamezikubali mapema, jambo lililotuepusha na ugomvi wa siku ya mazishi ambao nimeuona mara nyingi pwani hii.

Kabla ya mazishi alimuuliza mchungaji swali ambalo sote tulikuwa tukiliogopa: "Mwanangu alikufa akimtafuta Yesu. Yesu atamfukuza?" Mchungaji alimsomea Yohana 6:37, "Wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe," akaishia hapo. Mmoja wa wazee alilalamika kwamba jibu hilo linafungua mlango mpana mno. Mimi naona liliufungua kadiri maandiko yenyewe yalivyoufungua.

Siku za kukabidhi miili, Hawe alikwenda mochari hata zamu yake ilipokwisha. Alibeba ndoo ya mahamri na birika mbili, akawagawia waliokuwa wakingoja tangu alfajiri bila kutia kitu mdomoni. Hakuhubiri. Alisema tu, "Karibu, fungua kinywa." Wengine walikataa, akawaachia mahamri ndani ya karatasi. Hakuna aliyemtuma, na sisi tulijua baada ya kuambiwa na muuguzi.

Leo anakula, anameza dawa, meza yake imerudi. Hukaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na mfungo ukitangazwa hutoka nje, kisha hurudi tangazo likiisha. Mwaka 2025 habari za miili mingine zilipotoka Kwa Binzaro, upande wa Chakama, meza ilifungwa tena. Ilifungwa siku mbili. Mumewe hajarudi kanisani.

Uchambuzi

Tuanze na kilichotushinda, kwa kuwa ndicho kirefu. Tulimtembelea mfiwa kabla ya kujiuliza amefiwa namna gani. Msiba wa ajali una maneno yake, wa ugonjwa una yake, lakini huyu alikuwa ameumizwa kwa vyombo vile vile tulivyobeba: Biblia, maombi, mfungo, jina la Yesu. Mtu aliyeungua kwa maji ya moto hata ya baridi humtisha, na sisi tulimwendea na birika zima. Tangazo langu la mfungo lilikuwa kosa baya kuliko yote, na sababu yake si ukatili. Ni mazoea. Kanisa letu likishikwa na huzuni hutangaza mfungo kama vile mtu anavyokohoa.

La pili ni kwamba tuliuona utulivu tukauita imani. Hawe alitupa chai siku ya nne kwa sababu wageni hupewa chai. Miezi mitano ilipita kabla ya mtu kwenda kutazama debe la unga, na aliyekwenda hakutumwa na baraza.

La tatu, mumewe. Akina mama walikwenda kwa mama. Wanaume hatukwenda kwa mwanamume. Tulimhukumu kwa mangwe, ilhali yeye pia alipoteza binti na wajukuu. Kisa hiki kina mtu wa pili ambaye hakikumfikia.

La nne lilitokea mwisho, wakati tulipodhani tumejifunza. Baada ya mazishi baadhi yetu tulimwomba Hawe atoe ushuhuda mbele ya kanisa, na mgeni mmoja alikuja na kamera tayari. Alikataa. Tukamrudia, ndipo aliposema, "Nikisimama pale mtashangilia." Sijapata jibu la maneno hayo.

Kwa upande wa kilichofaa, naona uzito wa kwanza ni wa muuguzi aliyeuliza swali la kufa bila kuzunguka, akalala pale, akamfikisha hospitali. Asingefanya hivyo, Yohana 21 ingemkuta Hawe ameshazikwa. Wako watakaouliza kama kilichomwinua ni imani au ni dawa, chakula na mshauri nasaha. Mimi sioni jinsi ya kuvitenganisha. Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu, malaika hakumwanzia na mahubiri. Alimwambia, "Inuka, ule," akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Na binti Yairo alipofufuka, Yesu aliamuru apewe chakula.

Kusoma kwa mpangilio bila kuchagua mstari kulifaa kuliko nilivyotarajia. Mstari uliochaguliwa na mgeni huja na kidole nyuma yake. Huu ulimkuta mwenyewe, na kwa sababu hakuna aliyemwelekeza, hakuna aliyeweza kumpokonya. Kuzungumza na ukoo mapema kuhusu hanga nako kulifaa, ingawa hilo ni somo la kisa kingine.

Na jirani mwenye sinia la pilau alifanya siku ya tatu jambo lililotuchukua sisi miezi mitano kujifunza. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba wasiseme neno, na maadamu walinyamaza hawakumkosea.

Kuhusu mfungo hatujamaliza. Utaratibu mpya umeandikwa na unafuatwa, lakini wapo wanaosema tunalilemaza kanisa kwa ajili ya mtu mmoja, na kila Kwaresima mjadala huamka upya. Hawe hajawahi kuombwa maoni yake katika kikao hicho, naye hajayatoa.

Kanisani kwetu simu huzimwa ibada ikianza. Ya Hawe haizimwi, mchungaji alimruhusu. Mjukuu mdogo bado hajatambuliwa, na hospitali ina namba yake.